SDS, Triton na protini za utando: mwongozo kamili wa kutenganisha protini za seli nyekundu za damu kwenye jeli

Chukua maganda matupu ya seli nyekundu za damu, uyagawe katika tyubu mbili, ya kwanza uitie Triton X-100 na ya pili uitie SDS (sodiamu dodesili salfeti). Tyubu ya SDS itakuwa angavu baada ya muda mfupi, kwa kuwa kila kilichokuwa utando kimeyeyuka. Tyubu ya Triton nayo itapungua ukungu, lakini ukiizungusha kwenye sentrifuji utakuta mashapo chini, nayo ni wavu wa protini uliokuwa ukishikilia umbo la seli, ungali mzima na umeshikana. Detajenti zote mbili ni za ukoo wa sabuni, ila moja imeondoa mafuta na kuziacha protini katika maumbo yake, na nyingine imeyavunja maumbo hayo yenyewe.

Mwongozo huu unayafuata maganda hayo kutoka kwenye damu hadi kwenye jeli iliyopakwa rangi, yaani bapa laini ambalo umeme huzivuta protini ndani yake zikajipanga kuwa mistari, au bendi. Nimechagua seli nyekundu kwa sababu hazina kiini wala mitokondria, utando wake ni mmoja tu, na bendi zake kwenye jeli zimejulikana kwa majina tangu mwaka 1971, Fairbanks, Steck na Wallach walipozihesabu kutoka juu kwenda chini na kuzipa namba. Jambo ninalotaka msomaji alishike ni kwamba makosa mengi yanayoonekana kwenye jeli huwa yamekwisha kutokea ndani ya tyubu, kabla umeme haujawashwa, na sehemu kubwa yake hueleweka ukijiuliza detajenti imejishika na nini.

Kabla ya kuanza: detajenti hufanya nini hasa

Molekuli ya SDS ina mkia wa kaboni 12 usiopatana na maji, na kichwa cha salfeti chenye chaji hasi. Ndiyo hiyohiyo inayotoa povu katika dawa nyingi za meno na shampuu. Zikiwa chache ndani ya maji, molekuli zake huelea mojamoja. Zikizidi kiwango fulani hujikusanya katika vifundo viitwavyo misela, mikia ikiwa imejificha ndani na vichwa vikiwa nje. Kwa SDS katika maji yasiyo na chumvi, kiwango hicho ni takriban milimola 8 kwa lita, nacho hushuka sana chumvi inapoongezwa, kwa sababu chumvi hupunguza kusukumana kwa vichwa vyenye chaji moja. Triton X-100 haina chaji, hivyo misela zake huanza kuundwa mapema zaidi, karibu milimola 0.2 kwa lita, na kila misela ina uzani wa takriban kilodaltoni 90, yaani inaizidi protini ya kawaida kwa ukubwa. Ushike uzani huo, kwa maana utarudi tutakapofika kwenye kuondoa detajenti.

Kinachojishika na protini kwa nguvu ni hasa zile molekuli za SDS zinazoelea mojamoja, wakati misela huwa kama ghala la kuzijazia nafasi. Mwaka 1970 Jacqueline Reynolds na Charles Tanford walionyesha kwamba protini nyingi, zikiwa zimevunjwa viungo vyake vya salfa, hubeba gramu 1.4 za SDS kwa kila gramu moja ya protini. Tulipigie hesabu jambo hili kwa albumini ya ng'ombe, yenye kilodaltoni 66.5 na asidi amino 583. Uzani huo, yaani daltoni 66,500, ukizidishwa kwa 1.4, kisha ukagawanywa kwa 288, ambao ndio uzani wa molekuli ya SDS, unapata molekuli 323 hivi kwa kila protini moja, au moja kwa kila asidi amino mbili kasoro kidogo. Kila moja imekuja na chaji yake hasi, na kwa hiyo chaji ya asili ya protini humezwa na umati huo. Ndiyo maana protini kubwa na ndogo hupata uwiano uleule wa chaji kwa uzani, na jeli inabaki na kazi moja tu, ya kuzichuja kwa ukubwa.

Hapa sina budi kukosoa picha inayochorwa mara nyingi madarasani, ya protini iliyonyooshwa na SDS ikawa kama waya. SDS haifuti maumbo yote. Vipande vingi vya protini hujikunja kuwa hesi za alfa, yaani maumbo ya mzunguko kama skrubu, ndani ya SDS, hata pale ambapo havikuwa hesi hapo awali, na detajenti hukaa juu ya mnyororo kwa mafungu, mithili ya shanga kwenye uzi. Tofauti hii si ya kinadharia tu, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini protini fulani husimama mahali pasipotarajiwa kwenye jeli.

Hatua ya kwanza: kupata maganda safi

Tumia damu mbichi iliyozuiwa kuganda, na uishughulikie kama damu yoyote inayoweza kubeba maambukizi: vaa glavu na koti la maabara, na taka uziweke kwenye chombo chake. Izungushe, uondoe plazma, kisha unyonye kwa uangalifu tabaka jembamba jeupe lililo juu ya seli nyekundu. Usilionee huruma tabaka hilo. Ni afadhali upoteze seli nyekundu kidogo pamoja nalo, kwani seli nyeupe zina vimeng'enya vinavyokata protini, na baadhi yake huendelea kukata hata baada ya kutiwa SDS, mpaka joto livizime.

Osha seli mara tatu kwa mmumunyo baridi wenye milimola 150 za kloridi ya sodiamu na milimola 5 za fosfeti ya sodiamu, pH 8.0. Kisha zipasue kwa kumimina ujazo mmoja wa seli katika takriban ujazo 40 wa fosfeti hiyohiyo ya milimola 5 isiyo na chumvi, ikiwa baridi kama barafu, na uizungushe kwa nguvu ya 20,000 g kwa dakika 15 hivi. Hemoglobini itabaki kwenye kimiminika cha juu. Rudia hadi mashapo yawe meupe au ya waridi hafifu. Ongeza PMSF au kizuizi kingine cha vimeng'enya kwenye bafa, yaani mmumunyo huo wa fosfeti unaoshikilia pH, wakati wa kupasua, si baadaye.

Angalia kwamba nimeandika fosfeti ya sodiamu. Dodesili salfeti ikikutana na potasiamu huwa chumvi ngumu kuyeyuka, na katika joto la kawaida la chumba hutuama kama unga mweupe. Niliwahi kupoteza siku nzima nikiamini kwamba protini zangu zimeganda, kumbe bafa niliyoazima ilikuwa ya fosfeti ya potasiamu na kilichotuama kilikuwa SDS yenyewe, ikiwa imezikokota protini chini. Tyubu zenye kifuniko cha zambarau za kukusanyia damu kwa kawaida huwa na EDTA ya potasiamu ya kuzuia damu isigande, na ndani ya seli nyekundu zenyewe potasiamu ni nyingi kuliko sodiamu, ila miosho yako huviondoa vyote viwili ukiifanya kikamilifu. Guanidini haidrokloridi nayo huituamisha SDS, kwa hiyo sampuli iliyopita humo huhitaji kusafishwa kwanza.

Hatua ya pili: kutenganisha kwa Triton kabla ya jeli

Gawa maganda mafungu mawili. Fungu la kwanza lihifadhi kama lilivyo. La pili lichanganye na Triton X-100 hadi ukolezi wa mwisho ufike asilimia 1, uliache kwenye barafu kwa dakika 30, kisha ulizungushe tena. Chini utapata kiunzi cha seli, ambacho ni spektrini, aktini na protini 4.1. Juu zitakuwa sehemu kubwa ya bendi ya 3, ambayo ndiyo mlango wa kloridi na bikabonati, pamoja na glikoforini, protini ya utando yenye sukari nyingi. Kiasi fulani cha bendi ya 3 kitabaki na mashapo, na hilo si kosa lako: sehemu yake imefungwa kwenye kiunzi kwa protini iitwayo ankirini, na Triton haina nguvu ya kufungua fundo hilo.

Sababu ya tofauti hii ni kwamba Triton hukaa mahali palipokuwa na mafuta. Ile sehemu ya protini iliyokuwa imezama ndani ya utando huvikwa mkanda wa Triton badala ya lipidi, nayo sehemu iliyozoea maji huachwa bila kuguswa. Protini isiyo ya utando kwa kawaida haibebi Triton hata kidogo. SDS, kwa upande mwingine, haichagui. Hupenya hadi kwenye moyo wa protini usiopenda maji na kuufungua.

Ukolezi peke yake hautoshi kukuhakikishia mafanikio. Ukiwa na maganda mengi mno katika Triton kidogo, detajenti yote itaishia kwenye lipidi na protini zitabaki vipandevipande vya utando vinavyozagaa. Ni vyema kufikiria uwiano wa gramu za detajenti kwa gramu za protini na mafuta, na ukiona kimiminika cha juu bado kina ukungu, ongeza ujazo wa mmumunyo wa Triton badala ya kuongeza muda.

Kupima protini katika hatua hii kuna mtego wake. Triton X-100 ina pete ya benzini, hivyo hunyonya mwanga wa nanomita 280 na kukupa namba kubwa ya uongo. Kipimo cha Bradford huvurugwa na SDS na hata na Triton ikizidi. Kipimo cha BCA huvumilia detajenti hizi vizuri zaidi, bali hakivumilii merkaptoethanoli wala DTT, ambazo huvunja viungo vya salfa, kwa hiyo pima kabla ya kuongeza bafa ya sampuli.

Hatua ya tatu: bafa ya sampuli, na hesabu ya SDS

Bafa ya sampuli inayotumika zaidi hadi leo inatokana na kazi aliyoichapisha Ulrich Laemmli mwaka 1970 akiwa Cambridge, alipounganisha SDS na mfumo wa jeli ya tabaka mbili uliobuniwa na Ornstein na Davis mwaka 1964. Ikiwa tayari kutumika, huwa na Tris-HCl milimola 62.5 ya pH 6.8, SDS asilimia 2, gliseroli asilimia 10, 2-merkaptoethanoli asilimia 5, na bromofenoli buluu kidogo, rangi ya kufuatilia mwendo kwenye jeli. Tengeneza ile yenye nguvu maradufu, uchanganye sawa kwa sawa na sampuli.

Nunua SDS iliyosafishwa vizuri. Ile ya bei nafuu mara nyingi huchanganyika na mikia ya kaboni 14 na 16, ambayo hujishika na protini kwa namna tofauti na kuzisogeza bendi. Unapopima unga wake vaa barakoa, kwa sababu vumbi lake huwasha njia ya hewa.

Sasa fanya hesabu ambayo watu wengi huiruka. SDS ya asilimia 2 ni miligramu 20 kwa mililita. Protini ya miligramu 2 kwa mililita itachukua miligramu 2.8 tu, na nyingi itabaki akiba. Lakini ukitia mashapo mazito yenye miligramu 20 za protini kwa mililita, mahitaji yanakuwa miligramu 28, na SDS yako haitoshi. Protini zitabeba sehemu tu ya mzigo, na jeli itakuonyesha michirizi badala ya bendi. Kwa sampuli ya Triton, hesabu inakuwa na upande wa pili, maana Triton na SDS huungana katika misela mchanganyiko na hivyo kuipunguza SDS iliyo huru. Triton ya asilimia 1 ikichanganywa sawa kwa sawa na bafa maradufu inabaki asilimia 0.5, karibu milimola 8 kwa lita, dhidi ya milimola 69 za SDS. Uwiano huo wa tisa kwa moja unafanya kazi. Usiuache ushuke sana chini ya hapo.

Tahadhari nyingine ni ya CTAB, detajenti yenye chaji chanya inayotumika katika kutoa DNA ya mimea. Ikikutana na SDS zote mbili hutuama, chanya ikiwa imeshikana na hasi.

Joto linahitaji uamuzi. Kanuni ya kawaida ni nyuzi 95 kwa dakika 5, nayo inafaa kwa spektrini na aktini. Protini zinazopenya utando mara nyingi ni jambo lingine. Mfano mzuri umo humuhumu kwenye seli nyekundu: kibebaji cha glukosi GLUT1, kinachoupita utando mara 12, kikichemshwa hugandamana na kubaki juu ya jeli bila kuingia. Joto huzifungua sehemu zake zisizopenda maji kwa kasi, nazo hushikana zenyewe kwa zenyewe kabla SDS haijazifunika. Kwa protini za aina hii pasha nyuzi 37 kwa dakika 30. Ninachopendekeza ni kuigawa kila sampuli ya utando mara mbili, nusu uchemshe na nusu upashe nyuzi 37, uziendeshe bega kwa bega. Inagharimu kisima kimoja cha jeli, na huokoa maswali ya wiki nzima.

Hatua ya nne: jeli na umeme

Kwa kuwa spektrini ni kubwa mno, tumia jeli ya asilimia 7.5 au ile inayopanda polepole kutoka asilimia 4 hadi 15. Jeli ya chini iwe na Tris milimola 375 ya pH 8.8, ya juu milimola 125 ya pH 6.8, kila moja ikiwa na SDS asilimia 0.1. Akrilamaidi, malighafi ya jeli, ikiwa haijaganda ni sumu ya mishipa ya fahamu, kwa hiyo glavu hazina mjadala. Bafa ya kuendeshea ni Tris milimola 25, glisini milimola 192 na SDS asilimia 0.1, pH yake hujipanga yenyewe karibu 8.3 na hairekebishwi kwa asidi, kwani kloridi utakayoongeza itaharibu msukumo wa tabaka la juu, ambao hutegemea glisini kuwa nyuma ya protini na kloridi kuwa mbele.

Endesha kwa volti 80 mpaka rangi ivuke tabaka la juu, kisha volti 120 hadi ikaribie mwisho. Usiupeleke mtambo kwenye chumba cha nyuzi 4 kwa nia njema ya kulinda protini, kwa sababu SDS hujifanya fuwele kwenye baridi hiyo. Protini zimekwisha kuvunjwa umbo. Hakuna tena cha kulindwa kwa barafu.

Hatua ya tano: rangi na kusoma jeli

SDS hugombania nafasi na rangi ya Coomassie, kwa hiyo loweka jeli kwanza katika methanoli asilimia 40 na asidi asetiki asilimia 10 kwa saa moja, ukibadilisha mmumunyo mara moja, ndipo upake rangi. Mandhari ya bluu isiyofutika mara nyingi ni SDS iliyobaki.

Juu kabisa utaona bendi mbili za spektrini, namba 1 na 2. Chini yake, bendi ya 3 itakuwa pana na yenye kingo zisizo kali, karibu kilodaltoni 95, kwa sababu sukari zilizoning'inia kwenye molekuli zake hazilingani na SDS haijishiki na sukari. Zitafuata 4.1 na 4.2, kisha aktini ambayo ni namba 5, karibu 43, na namba 6, kimeng'enya cha GAPDH, karibu 36. Katika kisima cha mashapo ya Triton, bendi 1, 2, 4.1 na 5 zitakuwa nzito na ya 3 itakuwa imepungua sana.

Glikoforini hutaiona kwa Coomassie. Glikoforini A ina asidi amino 131 tu, lakini takriban asilimia 60 ya uzani wake ni sukari zenye asidi ya siali, hivyo huhitaji rangi ya asidi ya peryodi na Schiff. Ukiipaka utakuta sehemu yake ikiwa jozi, molekuli mbili zimeshikana kwa vipande vyake vya ndani ya utando, katikati ya SDS, bila kiungo chochote cha salfa. Mtu anayesoma uzani wake moja kwa moja kwenye ngazi ya protini za kupimia atapata jibu lisilo na maana. Glikoforini zina umuhimu wake katika ukanda wetu, kwani watoto wa Kilifi nchini Kenya ndio waliochunguzwa katika kazi zilizoonyesha kwamba aina ya damu iitwayo Dantu, inayotokana na jeni za glikoforini zilizoungana, hukinga dhidi ya malaria kali.

Wengine wasiotii kanuni ni pepsini, inayobeba SDS kidogo sana kwa wingi wa chaji hasi zake, na histoni, ambazo chaji chanya zake hupunguza chaji ya jumla na kuzichelewesha. Protini ya kijani ya kung'aa isipochemshwa hupita jeli ikiwa bado imekunjika na inang'aa.

Hatua ya sita: unapohitaji njia nyingine, au kuiondoa detajenti

Ukitaka kuona protini zikiwa zimeshikana kama zilivyo, acha SDS kabisa. Schägger na von Jagow mwaka 1991 walieleza jeli ya bluu ya asili, ambamo mitokondria huyeyushwa kwa detajenti pole kama dodesili maltosidi, na chaji hasi huletwa na Coomassie yenyewe iliyojishika juu ya protini. Kwa kutenganisha kwa pH, chaji ya asili ndiyo inayopimwa, hivyo SDS haina nafasi. Hapo hutumika detajenti ya CHAPS karibu asilimia 4, ambayo chaji zake mbili hufutana, pamoja na yurea mola 7 na thayoyurea mola 2.

Kuondoa detajenti kunategemea ule ukubwa wa misela tuliotaja mwanzoni. Oktili glukosidi huanza kuunda misela kwenye milimola 20 au zaidi, kwa hiyo ukiichanganya na maji mengi husambaratika na kupita kwa urahisi kwenye mfuko wa dayalisisi, wenye vitundu vinavyopitisha molekuli ndogo tu. Triton, kwa misela zake kubwa, hubaki ndani ya mfuko siku nzima. Ishike kwa punje za polistireni. SDS iliyojishika na protini nzima huondolewa vizuri kwa asetoni baridi sana, ujazo minne kwa mmoja, ambayo hutuamisha protini na kuiacha SDS juu.

Kwa kazi ya spektrometa ya uzani, ambako hata SDS kidogo huzima ishara za peptidi, kuna ujanja mmoja unaoupa thamani ule mkosi wa bafa ya potasiamu. Kata kwanza protini ziwe peptidi fupi, kisha ongeza kloridi ya potasiamu na uizungushe tyubu ikiwa baridi. Peptidi fupi nyingi hubaki kwenye kimiminika cha juu, na dodesili salfeti ya potasiamu hukaa chini, nyeupe. Usiufanye ujanja huu kabla ya kukata, kwa sababu protini nzima bado imevaa SDS yake na itakwenda nayo chini.